Mdakaji Aliyejitoa kwa Adabu

Narumi Katsuhiko hakuachwa na timu. Angeachwa, angalau angepata wa kumlaumu: angekunywa sake yake siku mbili tatu, angemlaani kocha kimoyomoyo, kisha maisha yangeendelea. Yeye alijitoa mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, ameketi wima na mikono juu ya magoti kama mtu mwenye adabu zake, na wakati huohuo hakuwa na nia ya kujitoa hata chembe.

Alikuwa mdakaji wa timu ya besiboli ya kiwanda cha karatasi, katika mji wetu wa kaskazini ambako theluji ya Januari hufika madirishani. Mdakaji ndiye yule anayechutama nyuma ya mpigaji, amejifunga kinga usoni na kifuani, akiipokea mipira ya mrushaji wake tangu mchezo uanze hadi uishe. Kazi hiyo hula magoti. Narumi alikuwa na miaka thelathini na minne, na alipoinuka asubuhi mke wake aliyasikia magoti yake kabla ya kusikia sauti yake. Asubuhi aliendesha foklifti ghalani, akipanga marobota ya karatasi. Mchana yeye na wenzake waliachiwa waende mazoezini, na wafanyakazi waliobaki waliwatazama kwa wivu kidogo na fahari kidogo. Ndivyo zilivyo timu za makampuni kwetu. Unalipwa kwa kufanya kazi, lakini unajulikana kwa kucheza.

Na Narumi alikuwa na jambo lake moja lililomkaa kooni. Kiangazi kilichopita timu ilifika fainali ya kanda, mchezo ambao mshindi wake huenda Tokyo kwenye mashindano makubwa ya makampuni yote nchini. Kiwanda chetu hakijawahi kwenda. Walikuwa wanaongoza, amebaki mpigaji mmoja, na mpigaji huyo akaukosa mpira, akaupiga upepo mara ya tatu, ya mwisho anayoruhusiwa. Mchezo ulikuwa umekwisha, watu jukwaani wameshaanza kukumbatiana, ila kwa sheria mdakaji lazima audake mpira huo, nao ulipita chini ya glavu ya Narumi, ukaviringika hadi ukutani, na alipokuwa akiukimbilia wapinzani wawili walifika nyumbani, kituo cha kufungia pointi, wakashinda. Hakuna aliyemgombeza. Ndani ya basi wakirudi, kila mmoja alimwambia pole na kazi, kaka, na kila pole ilimchoma upya. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: msimu mmoja zaidi. Arudi kwenye uwanja uleule, achutame palepale, audake mpira ule.

Sasa, kwetu kila Januari, kabla majina ya kikosi hayajapelekwa kwenye chama cha besiboli, kocha huwaita wachezaji mmoja mmoja kwenye chumba kidogo kilicho juu ya ukumbi wa mazoezi. Anamuuliza kila mtu ana mawazo gani kuhusu msimu mpya. Vijana husema watajitahidi. Waliovuka thelathini wana maneno yao, na maneno hayo hayabadiliki: "Kama nimekuwa kizuizi kwa vijana, Kocha, usinionee haya. Niondoe." Wote husema hivyo, hata yule anayepiga vizuri kuliko timu nzima. Ni kama kupiga hodi. Anayepiga hodi hategemei kuambiwa arudi alikotoka.

Kocha naye ana sehemu yake. Mzee Oikawa, aliyeiongoza timu tangu kabla Narumi hajajiunga, hakuwa hata anainua macho. "Acha upuuzi," alikuwa anasema. "Kabebe vifaa." Na mtu alishuka ngazi na moyo mweupe, maana ameonyesha unyenyekevu na ametakiwa, vyote kwa pumzi moja.

Tatizo ni kwamba mzee Oikawa alistaafu vuli ile kwa ajili ya mgongo, akarudi kwao kulima matofaa. Mahali pake aliwekwa Minegishi, aliyekuwa mrushaji wa timu hiyohiyo enzi za ujana wake. Alikuwa mtu mkimya, mkono wa kulia haumtoki mfukoni.

Narumi aliingia, akainama, akaketi. Akasema maneno yake, tena aliyasema vizuri, na kichwa akakiinamisha kidogo mwishoni kama inavyotakiwa. Kisha akangoja.

Minegishi hakusema aache upuuzi. Alimtazama kwa muda mrefu, na macho yake yakalowa.

"Umefikiri vizuri, Narumi?"

Swali hilo halikuwemo kwenye desturi. Narumi aliona kichwa chake kimekuwa cheupe kama theluji ya nje. Akisema hakufikiri, atakuwa amekiri kwamba aliyoyasema ni ya uongo, na mtu wa umri wake hasemi uongo mbele ya kocha mpya. Basi mdomo ukamtangulia.

"Nimefikiri vizuri."

Minegishi akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa meza. Akamshukuru kwa miaka yote, akamwambia anajua si rahisi kwa mwanamume kutamka jambo kama lile, na kwamba amemwelewa. Narumi naye ikabidi ainame. Waliinamiana hivyo, mmoja kwa heshima na mwingine kwa mshtuko, na alipojitambua Narumi alikuwa nje kwenye baraza, mlango umefungwa nyuma yake, na vifaa hakuambiwa abebe.

Mdomo uliponza kichwa. Wa kwake ulikiponza na magoti pia.

Nyumbani Sanae, mkewe, alisikiliza habari yote akiwa anapakua wali. Mwanamke huyo anafanya kazi kwenye duka la samaki bandarini, na samaki hawana adabu za kuzungukazunguka. Ama wabichi ama wameoza.

"Sasa wewe ulitaka akujibu nini?" aliuliza.

"Aniambie niache upuuzi."

"Si ungemwambia tu unataka kucheza, Baba Mio?"

"Mtu hasemi hivyo."

"Mtu gani hasemi?"

"Mtu mzima."

Sanae alimtazama kama anavyomtazama mteja anayebonyeza samaki wote na kuondoka bila kununua. Akamuuliza kama aongezewe wali. Narumi akasema imetosha, na Sanae akamwongezea, maana kila jioni husema imetosha na kila jioni huongezewa. Alikula bakuli la pili akiwa amenuna, na hakuona alichokifanya. Sisi tunaotazama kwa nje tuliona, lakini nani angemwambia?

Kesho yake habari zilikuwa zimefika ghalani kabla yake. Msimamizi alikuja kumpa mkono, akamwambia yeye ndiye mfano wa kuigwa, siku hizi watu wanang'ang'ania nafasi mpaka wanang'olewa. Mama wa kantini alimwekea kipande cha pili cha samaki. Vijana walimwinamia kwenye ngazi. Narumi alishukuru, akashukuru tena, na kila shukrani ilikuwa msumari mwingine kwenye jeneza lake. Watu wakishakusifu kwa kuondoka, utabaki vipi?

Mwenzake Shirato, mrushaji mzee wa timu, mkubwa wake kwa mwaka mmoja, alimkuta akifunga kamba za viatu kwa hasira mpaka moja imekatika.

"We jamaa, una wazimu?" alimwambia kwa sauti ya chini. "Mimi nilisema maneno yaleyale. Akaniuliza nimefikiri vizuri, nikaanza kukohoa. Nilikohoa mpaka akaniletea chai. Tulipomaliza chai, na swali lilikuwa limepoa."

"Kwa hiyo wewe umo?"

"Nimo. Na kifua kinaniuma kweli sasa."

Narumi hakujua acheke au ampige. Miaka yote alikuwa akimdharau Shirato kwa ujanja wake mdogomdogo, na sasa ujanja huo ulikuwa na jezi, yeye mwenye adabu hana.

Akaamua kwenda kuyazoa maji aliyoyamwaga, ingawa anajua, kama tunavyojua sote, kwamba hayazoleki. Lakini kwenda kusema waziwazi hakuthubutu. Alichukua sanduku la matofaa, akaenda nyumbani kwa Minegishi siku ya mapumziko, na kabla ya kubisha akachukua koleo, akamwondolea theluji njia nzima kutoka barabarani hadi mlangoni. Alifanya hivyo kwa nguvu makusudi, akichuchumaa na kuinuka, ili kama kuna mtu dirishani aone kwamba magoti bado yapo.

Minegishi alimkaribisha kwenye meza yenye joto, ile inayowekewa hita chini yake, wakanywa chai. Narumi akatupa ndoano yake.

"Baridi ya mwaka huu imenipenda, Kocha. Magoti hayaniumi kabisa."

"Nimefurahi," alisema Minegishi. "Utazeeka vizuri."

Ndoano ikarudi tupu. Narumi akatupa nyingine. Alimtaja Furudate, kijana aliyetoka chuoni mwaka juzi, ambaye ndiye angechukua nafasi ya mdakaji. Akasema Furudate ni hodari, mkono anao, ila pengine bado mbichi kidogo. Minegishi alitikisa kichwa kwa huzuni na kukubali. Alisema ndiyo maana anashukuru sana kwamba Narumi amempisha mapema, ili kijana apate muda wa kuiva kabla ya kiangazi.

"Ni kweli," alisema Narumi.

Nani alimtuma aseme ni kweli? Hakuna. Alitoka pale amefura, akatembea katikati ya njia aliyoisafisha mwenyewe, na kila hatua alijitukana. Mficha uchi hazai, wasema wahenga. Huyu alikuwa ameuficha wake kwa matofaa, kwa chai na kwa koleo la theluji, kisha anashangaa hapati mtoto.

Ijumaa wakamfanyia maagano. Kwetu mchezaji anayeondoka hupewa maua, mpira wenye sahihi za wenzake, na mwisho hurushwa hewani. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa baridi, pumzi za watu zinaonekana. Narumi alipewa maua, akaambiwa azungumze.

Hapo alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alijisemea kwamba atasimama mbele ya wote na kusema: jamani, nilisema kwa desturi tu, bado nataka kucheza. Maneno mafupi, mtoto wa shule angeyasema. Lakini aliposimama aliona nyuso zao, aliona Furudate kwenye mstari wa nyuma anajifuta macho kwa mkono wa sweta, na midomoni mwake yakaja yaleyale aliyoyasikia kwenye maagano ya watu wengine. Akawashukuru kwa kumvumilia. Akasema timu iko katika mikono salama. Akasema hana majuto. Alipotamka hilo la majuto, Shirato, aliyekuwa amesimama pembeni, alianza kukohoa kwa nguvu na kumkodolea macho, akimpa nafasi. Narumi hakuichukua.

Wakamnyanyua. Ni watu wenye nguvu wale, walimrusha juu mpaka akaziona taa za dari kwa karibu. Alipokuwa juu alifungua mdomo aseme. Aliposhuka pumzi ikamtoka. Wakamrusha tena, wakishangilia jina lake, na yeye akiwa kule juu, mgongo chini na tumbo juu kama samaki wa Sanae, aliwaza kwamba hakuna mahali pagumu pa kukanusha jambo kama hewani. Walipomweka chini alikuwa analia. Wote walidhani ni machozi ya shukrani.

Wenzake walipotawanyika Minegishi alimwomba abaki. Waliketi kwenye benchi la ukumbini, maua katikati yao. Minegishi alisema kuna jambo alitaka kumweleza, maana ameona wenzake wengine wanashangaa jinsi alivyomkubalia haraka.

Alisimulia kwa kifupi. Alipokuwa mrushaji bega lake la kulia lilianza kuoza kwa maumivu. Akaenda chumba kilekile cha juu, akamwambia mzee Oikawa kwamba anaomba aondolewe. Hakuwa anapiga hodi. Alikuwa anaomba kweli. Oikawa akamwambia aache upuuzi, akabebe vifaa. Naye kwa adabu akabeba, akacheza msimu mzima.

Akautoa mkono mfukoni, akajaribu kuuinua. Uliishia usawa wa kifua, akaurudisha.

"Mke wangu ndiye hunining'inizia koti," alisema. "Siku ile nilikula kiapo. Nikiwa kocha, mtu akiniambia anataka kuacha, nitamwamini."

Hasira aliyoilea Narumi majuma yale ilikuwa inatafuta pa kwenda na haipaoni. Alikuwa amemdhania Minegishi mtu mgumu wa kuelewa, au mjanja anayetaka kumwondoa kwa sababu ya mpira ule. Kumbe alikuwa mtu pekee mjini aliyechukulia maneno yake kwa uzito.

"Lakini wewe," aliendelea Minegishi, akimtazama, "leo ulipokuwa unalia nimepata wasiwasi. Majina yanakwenda Jumatatu. Nilikuwa nimekuweka wa kwanza, Narumi, kabla hujanifuata na maneno yako. Ninakuuliza mara moja tu, sitauliza tena. Unataka kucheza?"

Msomaji, mlango ulikuwa wazi kabisa. Hata komeo halikuwepo. Moyo wa Narumi uliruka, ukafika shingoni, ukagonga meno kwa ndani. Neno lilikuwa moja. Na mdomo wake, mdomo ule uliolelewa na mama mwenye adabu, ukafundishwa na walimu wenye adabu, na kupigwa msasa na makocha, ukafunguka na kusema:

"Usijisumbue kwa ajili yangu, Kocha."

Minegishi akangoja kidogo. Kisha akainama, akachukua kofia yake, akaondoka.

Narumi alitoka akalipiga teke rundo la theluji lililokuwa mlangoni, na ndani ya rundo kulikuwa na jiwe. Alichechemea mpaka nyumbani, maua kwapani. Alimweleza Sanae yote, hadi neno la mwisho. Sanae alimtazama mguu uliovimba, akaleta kitambaa cha maji baridi, akamfunga bila kusema kitu. Hilo lilimuumiza zaidi, kwa sababu Sanae akinyamaza ujue hata yeye hana la kuongeza.

Jumapili mchana aliingia ghalani kumalizia zamu ya mtu aliyeugua. Alikuwa anashuka kwenye foklifti alipomwona Furudate amesimama kati ya marobota, amevaa suti kama anayekwenda kuposa, na mikononi ana jezi iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa namba ishirini na saba, namba ya Narumi. Jana kocha alikuwa amemkabidhi kijana.

Furudate akainama. Alisema kwa haraka, kama mtu aliyekariri njiani, kwamba hajalala. Kwamba namba ile ni nzito kwake, hastahili, watu wote wanajua hastahili. Kwamba majina yanakwenda kesho, bado kuna nafasi, na kama kaka Narumi angekubali kuivaa tena, yeye angekaa benchi kwa furaha mwaka mzima. Akainyoosha jezi kwa mikono miwili, kichwa chini.

Na Narumi aliijua sehemu yake. Kila mtu kwetu anaijua. Mkubwa anacheka kidogo, anasema usiseme hivyo, wewe ndiye unayefaa, unampiga kijana begani, na kijana anaondoka na moyo mweupe. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini mguu ulikuwa unamuuma, na alikuwa amechoka na ulimi wake.

"Sawa," alisema. "Nipe."

Akaishika jezi.

Furudate aliinua uso. Narumi aliufahamu uso ule mara moja, ingawa hakuwahi kuuona: ndio aliokuwa nao yeye kwenye chumba cha juu, alipoulizwa kama amefikiri vizuri. Mdomo wa kijana ulikuwa umeanza hata kutabasamu kwa adabu, unaandaa asante. Lakini Narumi alipoivuta jezi haikuja. Alivuta tena. Akatazama chini, akaona vidole vya Furudate vimeikamata, kucha zimekuwa nyeupe.

Walisimama hivyo, watu wazima wawili, wanavutana nguo katikati ya ghala kama watoto.

"Achia basi," alisema Narumi. "Si umesema unanipa?"

"Ndiyo, kaka."

"Mbona huachii?"

Furudate alivitazama vidole vyake mwenyewe kama vya mtu mwingine. Hakuvifungua.

Narumi angeweza kuichukua. Alikuwa na nguvu kuliko kijana, ana haki ya ukubwa, na alikuwa amepewa mbele ya macho yake mwenyewe. Msimu wake ulikuwa umbali wa mvuto mmoja. Nao uchungu wa mwezi mzima ukampanda, na kwa mara ya kwanza tangu Januari akasema, na sauti yake ikagonga mabati ya paa.

"Sikiliza, Furudate. Mimi naitaka hii jezi. Naitaka mpaka sili vizuri. Ule mpira uliopita chini yangu nauota kila siku, na nataka kurudi kuudaka, mimi mwenyewe, si wewe. Sikuwa na nia ya kuondoka. Nilisema tu, kama ulivyosema wewe sasa hivi, nikaaminiwa. Umeelewa? Niliaminiwa. Sasa ama useme unaitaka, kwa mdomo wako, au naichukua na kesho naivaa."

Kijana aliibana jezi zaidi.

"Naitaka," alisema.

"Sikusikii."

"Naitaka, kaka. Naitaka mimi."

Narumi aliachia. Furudate aliyumba nyuma, jezi kifuani, ameikumbatia, na mara hii hakuinama wala hakushukuru. Alisimama tu akilia kwa sauti, na Narumi akapanda foklifti yake, akaiwasha, kwa sababu marobota yalikuwa bado mengi. Maneno aliyoyatafuta tangu mwezi uliopita yalikuwa yametoka hatimaye, yote, bila kupungua hata moja. Yalitoka ghalani badala ya chumba cha juu, kwa mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kumpa kitu. Alilia naye, huku anapanga karatasi.

Jioni Sanae alimwona tu akajua.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Kwa kocha?"

"Kwa Furudate."

Sanae aliweka mwiko chini. "Baba Mio," alisema taratibu, "si yeye uliyetakiwa kumwambia."

"Najua."

Wakala. Mtoto wao Mio alikuwa amemaliza, ametoka kucheza na theluji. Samaki alikuwa mzuri, na Narumi aligundua kwamba ana njaa, njaa ya kweli, ya mtu ambaye hajala sawasawa majuma kadhaa. Bakuli lake lilikwisha upesi. Sanae akamuuliza, kwa mazoea, kama aongezewe.

"Nataka," alisema Narumi, akalinyoosha bakuli kwa mkono uliokakamaa.

Sanae alimtazama yeye, akalitazama bakuli. Kisha akafunua sufuria na kuiinamisha ili aone ndani. Mio alikuwa amekomba wali wote.